Unatoka Linux kwenda FreeBSD? Yajue haya kabla hujafuta diski

Watu wengi waliozoea Ubuntu, Mint au Fedora kwenye kompyuta zao hufika siku wakatamani kuonja mfumo mwingine wa familia hiyohiyo. FreeBSD ni kati ya majina yanayotajwa sana. Ni ya bure, ni imara, na amri zake nyingi unazijua tayari.

Kufanana huko ndiko kunakowaponza wengi. Mtu anaingia akidhani ni Linux yenye jina jingine, kisha anajikuta hana Wi-Fi, au diski yenye picha na kazi zake imeshafutwa.

Ni ndugu, si mapacha

Unix ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell Labs nchini Marekani. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatengeneza toleo lake lililoitwa BSD, na FreeBSD ikazaliwa kutokana na ukoo huo mwaka 1993. Linux ni tofauti. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Finland, aliandika kiini chake upya mwaka 1991, kwa kufuata mwenendo wa Unix.

Huenda hata simu uliyoshika iko kwenye familia hii. Android inatumia kiini cha Linux. iPhone inatumia msingi mmoja na kompyuta za Mac, na ndani ya msingi huo kuna sehemu zilizotoka FreeBSD.

Kwenye Linux, kiini kinatoka kwa kundi moja, zana za amri kwa kundi jingine, halafu Ubuntu au Fedora wanaviunganisha. Kwenye FreeBSD, kiini na zana za msingi hutengenezwa na timu moja. Programu unazoongeza mwenyewe hukaa pembeni, kwenye folda ya /usr/local. Ukifuta programu zote ulizoongeza, mfumo wenyewe unabaki mzima.

Utakachokuta siku ya kwanza

Jiandae kuona skrini nyeusi yenye maandishi. Kwa kawaida, ukimaliza kufunga FreeBSD hupati madirisha wala aikoni. Unaongeza mwenyewe Xorg, draiva ya kadi ya picha (kwa Intel na AMD ni drm-kmod), kisha mazingira ya kazi kama KDE au Xfce. Na usisahau kuliingiza jina lako la mtumiaji kwenye kundi la video, la sivyo picha zitakuwa nzito.

Hutaki shughuli hiyo? Kuna GhostBSD, ambayo imejengwa juu ya FreeBSD na inakuja na madirisha tayari.

Haya ndiyo mazoea utakayobadilisha:

- Kufunga programu: badala ya apt au dnf, unatumia pkg.
- Kuwasha huduma: hakuna systemctl. Unatumia amri ya service, na mipangilio mingi iko kwenye faili moja, /etc/rc.conf.
- Kuona vifaa: lspci haipo kwenye mfumo wa msingi. Andika pciconf -lv.
- Skripti zako: bash haiji na mfumo. Hata ukiifunga, inakaa /usr/local/bin, kwa hiyo skripti inayoanza na #!/bin/bash itagoma. Ianzishe na #!/usr/bin/env bash.
- sed -i: kwenye Linux unaiandika hivyohivyo. Kwenye FreeBSD na Mac lazima ufuatishe kiambishi cha nakala, au alama mbili tupu: sed -i ''.

Hatari kubwa iko kwenye majina ya diski

Hapa soma polepole. Kwenye Linux, diski ya ndani ya SATA mara nyingi huitwa sda. Kwenye FreeBSD, diski hiyohiyo huitwa ada0, na da0 huwa ni flashi au diski ya nje ya USB. Majina yamekaribiana mno. Mtu aliyezoea sda anaiona da0, anadhani ndiyo diski ya ndani, kumbe anafuta diski ya nje aliyohifadhia nakala zake zote.

Kabla ya kubonyeza chochote, andika geom disk list uone ukubwa na aina ya kila diski. Ukubwa utakuonyesha ipi ni ipi. Salama zaidi, chomoa diski ya nje yenye nakala wakati wa kufunga mfumo.

Jambo la pili ni kusoma faili zako za zamani. FreeBSD inaweza kufungua diski ya ext4 ya Linux, lakini usiitegemee kwa kazi ya kila siku. Hamisha data zako kwanza kwenye diski ya nje yenye exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za sasa zinaisoma. Kwenye FreeBSD utaongeza programu ya fusefs-exfat.

FAT32 inasomeka bila kuongeza kitu, ila haipokei faili moja inayofika GB 4. Na kwa kuwa zote mbili hazihifadhi ruhusa za faili za Unix, funga folda yako kwenye faili la tar kwanza.

Wi-Fi ikigoma, simu yako inaokoa

Wi-Fi ndiyo kilio cha wengi. Kadi ambayo Linux inaitambua papo hapo inaweza isitambuliwe na FreeBSD, au ikatambuliwa lakini ikaenda polepole. Bila intaneti huwezi kupakua hata hayo madirisha.

Suluhisho la haraka ni simu ya Android. Ichomeke kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB, kisha kwenye kompyuta andika kldload if_urndis na kufuatiwa na dhclient ue0. Hapo unatumia bando la simu, kwa hiyo hakikisha linatosha, maana KDE na vitu vyake si vyepesi.

Unachopata kwa usumbufu wote huu

Faida inayowabakiza wengi ni ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili unaokuja na FreeBSD. Kabla ya kusasisha, unaandika bectl create kabla, na hali nzima ya mfumo inahifadhiwa kwa sekunde chache. Sasisho likiharibu mambo, unawasha kompyuta, unachagua hali ya zamani kwenye menyu, unaendelea na kazi. Kwenye Linux kitu kama hiki kipo, mfano openSUSE yenye Btrfs, lakini si kila toleo linakupa tayari.

Unachopoteza ni baadhi ya programu. Firefox, Chromium na LibreOffice zipo. Google haitoi Chrome ya FreeBSD. Netflix wanatumia FreeBSD kwenye seva zao za kusambaza filamu, lakini kuzitazama filamu hizo kwenye kompyuta yenye FreeBSD ni kazi, kwa sababu programu ya kulinda hakimiliki inayotakiwa haitolewi rasmi kwa mfumo huo.

Jaribu kabla ya kuhama

Kuijaribu ndani ya VirtualBox ni njia nzuri ya kujifunza amri, lakini haikupi jibu kuhusu kompyuta yako, kwa sababu kadi halisi ya Wi-Fi haionekani humo ndani. Weka GhostBSD kwenye flashi, iwashe bila kufunga, kisha kagua vitu vinne: Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kama kompyuta inaamka vizuri baada ya kulala.

Vyote vinne vikikubali, endelea. Kimoja kikigoma na kompyuta hiyo ndiyo inayokuingizia kipato, baki na Linux yako. FreeBSD ifunge kwenye kompyuta ya zamani au diski ya pili, uizoee taratibu bila kuhatarisha kazi za watu.