Mguu wa kiboko kule Uskoti

Haya wadau, test zimeisha, leo tuhamie Uskoti kidogo. Nadhani kila mtu ameshasikia habari za Nessie, lile dubwana lenye shingo ndefu la ziwa Loch Ness. Wengi husema lipo tangu enzi na enzi, eti Mtakatifu Columba alipambana nalo. Lakini Adomnán, aliyeiandika hadithi hiyo, aliandika kama miaka 100 baada ya Columba kufariki mwaka 597, na mnyama wake alikuwa kwenye mto Ness, siyo ziwani. Shingo ndefu haimo kabisa.

Dubwana tunalolijua sisi limezaliwa gazetini. Tarehe 2 Mei 1933 Inverness Courier lilitoa habari ya mtu na mkewe walioona kitu mithili ya nyangumi kikijiviringisha majini. Basi, moto ukawaka. Desemba Daily Mail likamtuma Marmaduke Wetherell, mwindaji wa wanyama wakubwa, akalisake. Hakukaa sana akaibuka na nyayo ufukweni! Zikapigwa plasta, zikapelekwa makumbusho London. Januari 1934 majibu yakatoka: kiboko. Tena mguu mmoja tu uliokaushwa, kama yale mapambo ya sebuleni ambayo Wazungu wa enzi zile walitengeneza kwa miguu ya wanyama wetu. Jamani, hapo nilichoka. Kiboko wa Afrika anauawa, mguu unakuwa pambo, halafu unazaa dubwana la Ulaya!

Wetherell aliaibika, ila hakukoma. Aprili 1934 gazeti hilohilo likatoa ile picha maarufu ya kichwa na shingo, eti kaipiga daktari, Robert Kenneth Wilson. Nani ambishie daktari? Picha ikatamba miaka 60. Mwaka 1994 ndipo siri ya Christian Spurling, mtoto wa kambo wa Wetherell, ikachapishwa: shingo alitengeneza yeye, akaipachika kwenye nyambizi ya kuchezea watoto. Daktari alitumika tu kuifikisha picha.

Sasa sisi tunaosomea ualimu wa historia tunakaririshwa kwamba masimulizi ya wazee wetu ni chanzo cha kutilia shaka. Sawa, tutilie. Ila huyu daktari wa London mbona hakuulizwa maswali hayohayo?

Mwaka 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alichukua sampuli kama 250 za maji ya ziwa hilo kutafuta vinasaba. Vya mnyama yeyote wa jamii ya mijusi au mamba hakuviona. Mikunga ilikuwa kibao.