Mahogani ya Sarnico

Mwaka 1962, katika mji wa Sarnico, ukingoni mwa ziwa Iseo kaskazini mwa Italia, Carlo Riva alitoa motaboti ya anasa aliyoiita Aquarama. Jina lilichotwa katika Cinerama, sinema ya kiwambo kipana kilichopinda, na kioo cha mbele cha chombo kikapindwa vivyo hivyo. Huo ulikuwa mtindo, tena wa kuazima kutoka Marekani. Nao, kama mitindo yote, ulipita. Uzuri ulikaa kwingine: katika ubavu wa mahogani uliojikunja kwa upole kuelekea tezi, na katika vanishi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka ili maji yasipenye. (Anayeidhania vanishi kuwa ni pambo tu hajapata kutunza chombo cha mbao.)

Aquarama ya mwisho iliundwa mwaka 1996. Baadaye ikaja Aquariva, yenye mwili wa faibaglasi na mahogani juu ya sitaha. Faibaglasi haiozi wala haimdai mwenyewe fundi kila msimu, na mnunuzi wake halaumiki. Ila mahogani ile ikibanduliwa yote, chombo kitaelea vilevile.