Eti Kujifungua kwa Kupasuliwa ni Mambo ya Wazungu?

Jumamosi nilitoka Kawangware 56, nikapitia Adams mpaka Olympic, Kibera, kumwona dada yangu. Ana mtoto wa wiki tatu, alijifungua kwa operesheni. Nilimkuta anaosha nepi na mkono mmoja, ule mwingine ameshikilia tumbo. Mama mkwe alikuwa kwa stuli pale mlangoni akimwambia jirani, kwa sauti ya kusikika, kwamba wasichana wa siku hizi wanaogopa kusukuma, wanataka kupasuliwa kama wazungu. Ati Waafrika hatukuwa na hayo mambo.

Dada alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, juu huwezi kumjibu mama wa watu kwake. Sasa wacha nijibu hapa.

Mwaka wa 1879 kijana Mwingereza anaitwa Robert Felkin alifika Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Alikuwa mmishonari na alikuwa bado hajamaliza masomo ya udaktari (kwa hivyo wale mnanicheka kwa kuacha chuo, tulieni). Huko aliona mama wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, akipasuliwa. Mpasuaji alikuwa Mnyoro. Wasaidizi, Wanyoro. Hakuna mzungu aliyeshika kisu.

Mama alilazwa kwa kitanda kilichoinama kidogo, akapewa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Walimfunga kifua na mapaja kwa nguo ya mbugu, ile ya gome la mti. Mpasuaji akaosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo ya ndizi, halafu kwa maji. Kisha akapiga ukelele, watu nje wakaupokea, na akakata mara moja, katikati kabisa, kuanzia juu kidogo ya mfupa wa kinena mpaka chini kidogo ya kitovu.

Hapo "katikati" ndipo nataka tusimame, maana anatomia ni somo moja nililomaliza kabla karo inishinde. Tumbo lako mbele lina misuli miwili mirefu, mmoja kulia, mwingine kushoto, kutoka mfupa wa kinena mpaka mbavu ya tano, ya sita na ya saba. Madaktari huiita rektasi abdominisi. Nyinyi wa jimu mnaiita sikspaki. Kila mmoja uko ndani ya ala yake, kama kisu, na ala hizo zinakutana katikati kwa mstari wa nyuzi ngumu unaoitwa linea alba, mstari mweupe. Ni mweupe kwa sababu hauna nyama na una mishipa michache sana ya damu. Neva za misuli hiyo nazo zinaingia kutoka pembeni. Ukikata pembeni, damu inamwagika na unaweza kuua neva. Ukikata katikati, unapita kati ya misuli bila kuigusa, na unafika haraka. Tena mimba ikikua, hiyo misuli huachana kidogo, kwa hivyo njia inapanuka.

Yule mpasuaji hakusoma kitabu cha Kilatini. Lakini alipitia mlango huo huo.

Akaendelea. Palipotoka damu, msaidizi aligusa kwa chuma chekundu cha moto. Mwingine alishika kuta za tumbo akaziachanisha. Mtoto akatolewa akiwa hai, mpasuaji akaukamua mji wa mimba kwa mikono miwili ujikaze, akatoa kondo. Hakuushona. Mama akageuzwa ili maji na damu vimwagike, halafu kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushwa uzi wa gome. Juu yake wakapaka mizizi ya aina mbili iliyotafunwa ikawa uji, jani la ndizi lililopashwa moto, na bandeji ya mbugu. Felkin anasema mpaka misumari ilipoingia yule mama hakuwa amelia hata mara moja. Siku ya sita misumari yote ilikuwa imetoka. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Sitaki kuipamba hii stori. Pombe si nusukaputi, na utumbo ulitoka nje wakati wakijaribu kuuzuia. Hakuna mtu anataka kurudi huko. Lakini angalia Ulaya ilikuwa wapi. Mwaka wa 1876 Porro, huko Italia, alikuwa ameona afadhali mama aondolewe mji wa mimba wote ndiyo asife kwa damu. Sänger, Mjerumani, alichapisha njia yake ya kuushona 1882. Felkin aliwasomea madaktari wa Edinburgh aliyoyaona Januari 1884, na yakachapishwa mwaka huo. Mkato wa kulala juu ya kinena, ambao hospitali nyingi zinatumia sasa, Pfannenstiel aliueleza 1900.

Na hapa ndipo nilimrudia dada, maana alikuwa ameshika ati "walinikata misuli, sitawahi beba jerikeni tena." Mkato wake ni huo wa kulala. Ngozi inakatwa kwa upana, ala pia, lakini misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi. Inavutwa, mmoja huku, mwingine kule, kama pazia. Klinikini walimwambia asibebe kitu kizito kwa wiki sita, na bado tatu. Nepi zenyewe nilimalizia mimi, mama mkwe akinitazama kama sinema.

Jioni nilimsomea dada haya yote kwa simu. Kulikuwa kimya, nikadhani bando limeisha. Halafu akauliza, "Huyo mama aliitwa nani?"

Felkin hakuandika. Jina la mpasuaji pia hakuandika.

"Na mtoto?"

Mtoto alikatwa kidogo begani na kisu, wakampaka ile mizizi, akapona kwa siku nne. Mama alikosa maziwa ya kutosha siku kumi za kwanza, kwa hivyo rafiki yake ndiye alimnyonyeshea.

"Rafiki," dada akasema. "Si mama mkwe."

Nikamwambia alale.