Zilipendwa na Nani? Neno, Muziki na Kumbukumbu ya Ujana



Kila ziwadiapo siku za mapumziko marefu, ziwe za Pasaka au za Idi, hutokea katika miji yetu jambo ambalo kwa mazoea hatulitazami tena. Watu waliovuka makamo hukusanyika nyumbani au kumbini, huzifungulia nyimbo za ujana wao, na kwa muda wa saa kadhaa husahau bei ya unga na ada za shule. Vijana walio karibu hutabasamu kwa heshima, kisha hujiendea zao. Nyimbo hizo Mtanzania huziita zilipendwa. Jirani yake wa Kenya aghalabu huziita zilizopendwa. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba burudani hiyo ni suala la historia na la isimu kwa pamoja, na kwamba tukichelewa kulishughulikia tutapoteza sehemu ya kumbukumbu ya lugha yetu.

Tuanze na neno lenyewe. Umbo la Kenya linafuata kanuni ya sarufi: kiambishi rejeshi -zo- kimepachikwa baada ya njeo, nasi tunaelewa "nyimbo zile ambazo zilipendwa". Umbo la Tanzania halina kirejeshi. Ni sentensi kamili iliyogeuzwa kuwa nomino. Jambo hili si geni katika Kiswahili, kwani tunao watu waitwao Sikujua na Sikudhani, ambao majina yao ni sentensi. Hata hivyo zilipendwa imekwenda mbali zaidi. Siku hizi husemwa juu ya mtu ambaye zama zake zimepita, au juu ya mchumba wa zamani, na mwaka 2017 wasanii wa kundi la WCB Wasafi walilifanya neno hilo kuwa jina la wimbo wao. Nyimbo zilizolipatisha neno ngeli yake zimekwisha kuachwa nyuma, na neno linajitegemea.

Lakini kuna jambo la sarufi lenye uzito mkubwa zaidi kwa mwanahistoria. Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Zilipendwa na nani? Neno limenyamaza. Kazi ya historia ni kumrudisha mtenda huyo mahali pake.

Jibu la kwanza ni kwamba zilipendwa na vijana, mara nyingi bila ridhaa ya wakubwa wao. Muziki wa dansi ulianza kushika mizizi mijini katika miaka ya 1930. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na tangu mwaka uliofuata santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kusambazwa ulimwenguni hata zikafika kwetu. Athari yake inaonekana katika jina la bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro, iliyoongozwa na Salum Abdallah hadi alipofariki mwaka 1965. Huko Kenya, Daudi Kabaka na wenzake waliupokea mtindo wa twisti uliotoka Marekani wakaufanya wa Kiafrika. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari, na mwaka 1968 ukaimbwa na kundi la Waingereza liitwalo The Tremeloes. Kwa hiyo tusidhani kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu, nasi tulitoa.

Wakati huohuo wapo vijana wa Dar es Salaam walioshika magitaa ya umeme kwa ajili ya muziki wa roki na wa soul. Walikutana katika madansi ya mchana yaliyojulikana kama bugi. Mwaka 1969 ulikuwa mgumu kwao. Ulianza kwa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya vimini, suruali za kubana na mawigi. Na kabla haujaisha, muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya utamaduni: kwamba muziki huo ni wa kigeni na unawapotosha vijana. Baadhi ya wanamuziki walijibu kwa ubunifu. Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70 walijenga mtindo waliouita Afrosa, na mwaka 1977 wakaiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Kundi la Sunburst lilichanganya roki na midundo ya Kiafrika, na albamu yao Ave Africa ilitolewa nchini Zambia mwaka 1976.

Yafaa tutafakari hapo. Muziki ambao leo mzee huusikiliza siku ya Jumatatu ya Pasaka na kuuita wa heshima, jana uliitwa wa kihuni. Mzee huyo akilalamika kwamba bongo fleva inaharibu vijana, anarudia, pengine bila kujua, maneno yaliyosemwa juu yake. Muda umeutakasa muziki wake, kama utakavyoutakasa wa wajukuu wake.

Jibu la pili ni kwamba zilipendwa na redio. Kwa Tanzania Bara, hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, hivyo bendi ilirekodi katika studio za redio, au ilisafiri kwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata umaarufu akiwa na Morogoro Jazz kisha akaunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya tarehe 12 Januari 1979. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakaiweka Simba Wanyika katika historia ya muziki wa Kenya. Ndiyo maana si rahisi kuugawa muziki huu kwa mipaka ya nchi.

Redio ilihifadhi, lakini pia ilichuja. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na si kila wimbo uliofaulu. Wimbo wa Remmy Ongala "Mambo kwa Soksi", uliohimiza kinga dhidi ya UKIMWI, haukukubaliwa na redio ya taifa kwa kuwa ulionekana kuvuka mipaka ya adabu, ingawa kumbini ulishangiliwa. Mtafiti anayetegemea kanda za redio peke yake atapata Kiswahili kilichokwisha kupepetwa. Makapi yake, ambayo pengine ndiyo yaliyokuwa chakula cha mtaani, yamebaki vichwani mwa waliokuwapo.

Hapo ndipo penye hatari. Waliokuwapo wanaondoka. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka 2001, Balisidya mwaka 2004, Ongala mwaka 2010, Muhiddin Maalim Gurumo mwaka 2014. Kanda inaweza kunakiliwa kwa mashine mpya. Maelezo ya fumbo hayanakiliki baada ya mwenye nalo kuzikwa. Bendi za zamani zilipeana vijembe kwa mafumbo, na kila moja ilijivunia mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Kamusi itatuambia kwamba msondo ni ngoma ndefu. Haitatuambia ni kwa nini wafanyakazi wa chama cha NUTA, kilichoiunda bendi hiyo mwaka 1964, waliridhia dansi la magitaa na matarumbeta liitwe kwa jina la ngoma ya jadi. Swali hilo linahusu mipaka kati ya ngoma na dansi katika fikra za Waswahili, na wa kulijibu ni msikilizaji wa wakati ule.

Jibu la tatu, basi, linatuhusu sisi. Wasomi wa Kiswahili tumeuhudumia utenzi na shairi kwa bidii ya kustahiki sifa, lakini wimbo wa dansi tumeuacha uwe wa kustarehesha tu. Ninyi wanafunzi mna nafasi ambayo wanaowafuata hawatakuwa nayo. Mapumziko yajayo, mzee wenu atakapofungulia nyimbo zake, msiondoke. Ketini naye, andikeni maneno ya wimbo kama anavyoyasikia yeye, na muulizeni fumbo lilimlenga nani, wimbo upi ulikatazwa, na dansi lilipigwa wapi. Kisha andikeni tarehe na jina la msimulizi kwa idhini yake, mkalinganishe na kanda.

Tukifanya hivyo, swali la nani alizipenda litapata jibu lenye majina na mahali. Tusipofanya, neno zilipendwa litabaki katika kamusi zetu kama lilivyo sasa: kitenzi cha kauli ya kutendwa, kisicho na mtenda.