Mafundi wa Vyombo: Kutoka Kamba hadi Plastiki

Visiwa vya Fuma, Koyama na Chula, kusini ya Kismayuu, ni sehemu ya pwani ya Wabajuni, inayoendelea hadi Faza katika kisiwa cha Pate nchini Kenya. Tunapofundisha historia ya pwani hii, mara nyingi tunawataja mabaharia na kuwasahau waliowaundia vyombo. Makala haya yanawaangalia mafundi hao.

Chombo kilichowapa Wabajuni sifa ni mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa. Ushonaji huo ni wa kale. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinasema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walivikuta Msumbiji mwaka 1498.

Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini, lakini uundaji haukufa. Majahazi na mashua za misumari ziliendelea kuundwa Lamu, nyingine zikatiwa mashine. Mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha majini Flipflopi, dau la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa, likavishwa kandambili zipatazo 30,000. Mkuku na mataruma yalichongwa kwa plastiki kama yanavyochongwa kwa mti. Mwaka 2019 dau hilo lilisafiri hadi Zanzibar likipeleka ujumbe dhidi ya uchafuzi wa bahari.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hapa asili haikuachwa: malighafi ni mpya na ujumbe ni mpya, ila mkono ni ule ule, na majina ya sehemu za chombo ni yale yale.

Kwetu walimu wa lugha, hapo ndipo penye uzito. Msamiati wa kazi huishi pale kazi inapofanywa. Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi, na wazee wanaojua maneno ya uundaji wanapungua. Tunawahimiza wanafunzi wetu wanaotoka pwani wakae na mafundi hao, wawasikilize, na wayaandike maneno yao mapema.