Pekee ya Wapi?

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huwezi kuikosa mikaratusi: magome yanayobambuka vipande virefu, majani yaliyopinda kama mundu, na harufu ileile ya kujifukiza mtu akishikwa na mafua. Jina tumelitohoa, na mti tumeuzoea hadi watoto wanaudhani wa Kisambaa. Kwao ni Australia, kwenye spishi zaidi ya 700, ingawa chache zimefika Timor, New Guinea na Ufilipino bila kupandwa na mtu.

Katika ukoo huo imo Eucalyptus recurva, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1988. Ni kichaka kuliko mti, na porini vinajulikana vichaka visivyofika kumi, vyote kwenye nyanda za juu za New South Wales. Wanabotania huiita endemiki ya huko. Je, sisi tuiiteje?

Magazeti yetu huchanganya maneno matatu. "Adimu" ni hesabu: vipo vichache. "Asilia" ni uzawa, na mvule ni asilia Usambara kama ulivyo asilia Uganda na Kongo. "Ya kipekee" ni sifa tu. Hata pilau huwa ya kipekee. Endemiki haiulizi idadi wala uzuri. Inauliza kama spishi inaota yenyewe mahali fulani na si kwingineko.

Tanga inao mfano mzuri kuliko wote. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku, alipeleka kwao ua dogo la zambarau, na mwaka 1893 mwanabotania Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, kwa wingi ambao hauruhusu mtu kuliita adimu. Porini, hata hivyo, jamaa zake wote hawavuki mipaka ya Tanzania na Kenya. Limejibana kwenye ufa wa mwamba wenye unyevu, majani yenye vinyweleo yamelala bapa, juu kuna kivuli kizito. Kateni miti ya juu, jua likipiga mwamba ua limekwisha.

Milima ya Tao la Mashariki, toka Taita hadi Udzungwa, ina spishi nyingi za namna hii kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuinyeshea mvua hata nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka. Kila safu ikabaki na misitu yake. Usambara zenyewe ni mbili, zimetenganishwa na bonde la Lwengera.

Mipaka ya nchi haisaidii hapa. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902 miti mingi ya nje ililetwa, na baadaye ukapandwa Maesopsis eminii, mti asilia wa Kagera. Msitu ulipokatwa mbao, mti huo ukasambaa. Ni Mtanzania halisi, ila huko Amani ni mgeni, tena mvamizi.

Kwa hiyo napendekeza "spishi pekee ya", na jina la mahali lifuate bila kukosa: pekee ya Usambara Mashariki, pekee ya Tanzania na Kenya. Bila mahali, neno halisemi kitu. Madaktari wanaotumia neno "endemiki" kwa malaria wasitufuate; malaria ya Muheza iko kwingi, kwao "ugonjwa uliozoea eneo" unatosha.