Fender Precision na Jazz Bass: Mbona Wapiga Besi Hawaachani Nazo?

Katika bendi, ngoma hutoa mwendo, gitaa na kinanda hupamba, na besi huviunganisha vyote. Msikilizaji huenda asiitambue inapopigwa, lakini ikinyamaza wimbo hubaki mtupu. Kwa hiyo mpiga besi hachagui chombo kwa urembo. Anataka kitu kisichomwangusha.

Kwa zaidi ya miaka 70, wengi wao wamechagua Fender. Besi ya Precision ilitoka mwaka 1951, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Zote mbili zinaundwa hadi leo, kwa umbo ambalo mpiga besi wa zamani angelitambua kwa mbali. Kwa vyombo vya umeme hilo ni jambo la nadra. Redio ya mwaka 1951 leo ni pambo la sebuleni, lakini besi ya miaka hiyo bado inafanya kazi jukwaani.

Shida iliyoizaa

Kabla ya hapo, sauti nzito ilitoka kwenye besi kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama, kama ile inayoonekana mpaka leo katika vikundi vya taarabu ya zamani Zanzibar. Ni chombo chenye sauti tamu, lakini ni kikubwa kuliko mpigaji, kukisafirisha ni kazi, na mbele ya ngoma na tarumbeta sauti yake humezwa. Tena shingo yake ni laini kama ya udi au fidla. Hakuna alama ya kuonyesha kidole kikae wapi, sikio ndilo linaloamua.

Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, ila alijua kuwasikiliza wanaopiga. Aliunda besi ya kuvaliwa begani kwa mkanda, yenye nyuzi nne zilizotuniwa sawa na za besi kubwa, E, A, D na G, na sauti yake ikapitia kwenye amplifaya. Shingoni akaweka freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ili kila noti ipatikane mahali pake bila kubahatisha. Jina Precision, yaani usahihi, limetokana na hapo.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ameunda besi ya umeme yenye freti katika miaka ya 1930, lakini haikushika soko. Ya Fender ndiyo iliyoenea, hata ikafika wakati katika bendi nyingi besi yoyote ya umeme ikaitwa tu "Fender bass".

Chombo kinachofunguka

Sababu ya kwanza ya uaminifu huu inajulikana zaidi na mafundi. Shingo ya Fender haikugundishwa kwa gundi kwenye mwili. Imefungwa kwa skrubu nne. Ikipinda au ikipasuka, inatolewa na kuwekwa nyingine. Precision ina vifundo viwili tu, kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti, kingine cha kuifanya iwe kali au nzito. Ndani yake mna waya chache, na anayejua kulehemu redio hahitaji kufundishwa mengi.

Mwaka 1957 pikapu yake, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mtikisiko wa nyuzi, iligawanywa vipande viwili, kila kimoja chini ya nyuzi mbili. Vipande hivyo hufutiana ule mvumo unaoletwa na umeme. Tangu hapo muundo wa msingi haujabadilika sana, na ndiyo maana vipuri vya besi ya juzi mara nyingi huingia kwenye besi ya zamani. Mwenye chombo cha namna hii hashikwi mateka na kiwanda.

Mfano mkubwa ni besi ya Jaco Pastorius, Jazz Bass ya mwaka 1962. Freti zake ziling'olewa, mapengo yakazibwa, na ubao wa shingo ukapakwa epoksi ngumu ya kupakia boti ili nyuzi zisiule. Kwa besi hiyo alirekodi albamu yake ya mwaka 1976 iliyobadilisha mawazo ya watu kuhusu chombo hiki. Baadaye ilivunjika vipande vipande, mafundi wakaiunganisha, na ikapigwa tena.

Sauti ambayo masikio yamekwisha izoea

Sababu ya pili imo katika nyimbo zenyewe. Huko Detroit, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kwa Precision ya mwaka 1962, akitumia kidole kimoja cha mkono wa kulia. Nyuzi zake zilikuwa nene, zilizosokotwa kwa waya bapa, na inasimuliwa kuwa hakuzibadilisha mpaka zikatike. Huko Memphis, Donald "Duck" Dunn alipiga Precision katika nyimbo za Stax. Huko Jamaica, Aston "Family Man" Barrett, aliyefariki mwaka 2024, aliushika mwendo wa Bob Marley na Wailers kwa Jazz Bass. Anayependa rege hapa kwetu ameisikia sauti hiyo tangu utotoni, hata kama hajawahi kuiona besi yenyewe.

Hivyo vizazi kadhaa vimefunzwa na rekodi hizo kwamba "besi nzuri inalia hivi". Fundi wa studio naye anajua Precision itakaa wapi kati ya teke la ngoma na gitaa, na hatumii saa nzima kuitafutia nafasi. Mpigaji wa kulipwa akiitwa kurekodi na watu asiowajua, huenda na chombo ambacho hakuna atakayekitilia shaka.

Mkono nao una kumbukumbu

Urefu wa uzi unaolia kwenye besi hizi ni inchi 34, karibu sentimita 86, na ndicho kipimo ambacho viwanda vingi vimekifuata. Shingo ya Jazz Bass ni nyembamba zaidi upande wa kichwani, kiasi cha milimita 38, wakati ya Precision kwa kawaida ni pana zaidi. Jazz Bass pia ina pikapu mbili, kwa hiyo sauti yake huweza kukatika vizuri zaidi noti kwa noti. Aliyeuzoesha mkono wake kipimo kimoja kwa miaka 20 hakibadilishi kwa sababu ya tangazo.

Uaminifu kwa jina au kwa kazi?

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kufikiri. Mwaka 1965 Fender iliuzwa kwa kampuni ya CBS, na wanamuziki wengi walilalamika kwamba ubora ulishuka katika miaka iliyofuata. Mwaka 1985 kundi lililoongozwa na viongozi wa Fender wenyewe liliinunua tena. Katika miaka ya malalamiko hayo wapigaji hawakuukimbia muundo. Walizitafuta besi za kabla ya 1965, na ndiyo sababu hizo ni ghali mno leo. Leo Fender mwenyewe alikwenda kuunda besi nyingine chini ya Music Man na kisha G&L, akiendeleza mawazo yaleyale mpaka alipofariki mwaka 1991. Basi wanachokishika watu ni kazi iliyofanywa vizuri. Jina ni alama yake tu. Chema chajiuza.

Kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu anayeweka akiba ya besi ya kwanza halazimiki kupata iliyoundwa Marekani. Fender ina kiwanda Meksiko, na aina yake ya bei nafuu, Squier, hufuata maumbo yaleyale. Ya kughushi pia zipo, kwa kuwa kubandika jina ni rahisi. Linganisha namba ya kiwanda na kumbukumbu za kampuni, kisha tazama shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini uone kama imenyooka. Bonyeza kila freti na usikilize kama uzi unakwaruza. Vizungushe vifundo: vikitoa mlio wa kukwaruza, huenda vinahitaji kusafishwa tu, na hilo lisikukatishe tamaa.

Hewa yetu ya chumvi hula nyuzi na skrubu. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, na usiiache besi ndani ya gari juani. Ikitunzwa hivyo, hata Squier inaweza kumfaa mwanao atakapotaka kujifunza.